Kuaminika na Kusadikika: Historia Fupi ya Maana

Neno la Kiingereza "credible" hufasiriwa kwa Kiswahili "-a kuaminika" au "-a kusadikika", kana kwamba maneno hayo ni pacha. Historia yaonyesha vinginevyo.

Neno hilo latokana na kitenzi cha Kilatini "credere", yaani kuamini, ambacho ndicho pia asili ya neno la Kiingereza la mkopo, "credit". Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea mizizi miwili ya Kiarabu. Mzizi wa "amini" unahusu usalama, na ndio uliozaa "amana", yaani mali iliyokabidhiwa mtu aitunze. Mzizi wa "sadiki" unahusu ukweli, na "sadaka" ni nduguye. Kwa asili, basi, mtu huaminiwa, habari husadikiwa.

Tofauti hiyo ingali hai mitaani. Kiwalani, katika Ilala, kama kwingineko Dar es Salaam, mchuuzi huweza kupewa bidhaa kwa mali kauli: huchukua leo, hulipa akishauza. Hapana hati wala rehani; dhamana ni neno lake. Huyo ni mtu wa kuaminika. Akiitwa "mtu wa kusadikika", msikilizaji atadhani ni kiumbe wa hadithi.

Dhana hiyo ya ubuni ilipata nguvu mwaka 1951, Shaaban Robert alipochapisha *Kusadikika*, hadithi ya nchi iliyo angani, ambako Karama ashtakiwa kwa kutaka watu wafunzwe sheria. Nchi hiyo haipo, lakini dhuluma yake yasadikika. Jina lake ladai kuwa jambo laweza kukubalika akilini. Halidai kuwa limetokea.

Hapa ndipo penye hatari ya kauli iliyozoeleka katika habari: "inasadikika kuwa". Kiambishi -ik- hubeba maana mbili, hali na uwezekano. Je, jambo limekwisha kusadikiwa, au laweza tu kusadikiwa? Zaidi ya hayo, kauli ya kutendwa humpokea mtenda: "inasadikiwa na polisi". Kauli ya kutendeka humkataa. Hakuna asemaye "inasadikika na polisi". Kwa hiyo aliyesadiki hutoweka, na pamoja naye hutoweka wa kuulizwa habari ikigeuka uongo.

Katika mali kauli, mwenye kuamini na mwenye kuaminiwa hufahamiana kwa sura. Katika "inasadikika", wote wawili hawaonekani. Mwandishi atakaye kufasiri "credible" hana budi kwanza kujiuliza: ni nani anayeamini, na anamwamini nani?