Usonji: Mzazi kama Mwalimu wa Kwanza wa Mtoto Wake

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza katika miaka ya mwanzo ya utoto. Hugusa namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hauambukizi, si laana, wala si tunda la malezi mabaya. Hata hivyo, katika mitaa yetu ya Ilala, Gerezani na Kariakoo, mama mwenye mtoto wa miaka minne asiyesema bado huulizwa kwanza: ni nani aliyemroga? Wanafunzi nao walimwuliza Bwana ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu yule azaliwe kipofu. Yesu alikataa kumtwika dhambi hiyo yeye au wazazi wake (rej. Yn 9:1-3).

Utafiti uliofanyika jijini mwetu

Mwanasaikolojia Ashley Harrison wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, amefanya kazi hapa nchini pamoja na Profesa Karim Manji, bingwa wa magonjwa ya watoto wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 2014, wao na wenzao walichapisha njia ya kumpima mtoto wa Kitanzania inayotilia mkazo kumtazama kwa makini. Mwaka 2016 wakafuata wazazi: kwanza waliwasikiliza, kisha wakatumia maoni yao kutayarisha mafunzo mafupi yanayolingana na mazingira yetu. Mafunzo hayo yalilenga mambo mawili, yaani kuufahamu usonji na kujua mbinu za kumsaidia mtoto katika tabia yake.

Kwa nini mzazi? Mpango mashuhuri wa Ivar Lovaas, uliochapishwa Marekani mwaka 1987, ulihitaji takribani saa 40 kwa wiki, mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja. Ni familia chache za Kariakoo zinazoweza kuugharimia. Mzazi, kwa upande wake, yupo na mtoto asubuhi na jioni.

Kuelewa tendo kabla ya kulirekebisha

Msingi wa mbinu hizi ni kwamba kila tendo lina jambo lililolitangulia na jambo linalolifuata. Tuchukue mfano wa mtoto anayejitupa chini katika Mtaa wa Kongo, katikati ya vipaza sauti vya wauzaji, honi za bodaboda na mikokoteni. Mpita njia huona utovu wa adabu. Mzazi aliyefunzwa hujiuliza: nini kilitangulia? Makelele. Nini kilifuata? Aliondolewa pale. Basi kujitupa chini kulikuwa ombi la kuondolewa. Mtoto akifundishwa kuomba hivyo kwa ishara ya mkono au kwa picha, na ombi lake likapokewa mara moja, haja ya kujitupa chini hupungua.

Vivyo hivyo, kazi kubwa hugawanywa katika hatua ndogo. Kunawa mikono ni kufungua maji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kukausha. Kila hatua hufundishwa peke yake, na mtoto hupongezwa papo hapo kwa kitu anachokipenda. Kipigo hakimwonyeshi la kufanya. Kumfungia ndani humnyima nafasi ya kujifunza. Lengo si kumfanya afanane na wengine, bali aweze kueleweka na kujitegemea kadiri awezavyo.

Wajibu wa parokia

Sheria ya Kanisa (kan. 777, na. 4) inamtaka paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata katekesi, kadiri hali yao inavyoruhusu. Tarehe 22 Novemba 2014, Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na watu wenye usonji na familia zao mjini Vatikano, alihimiza kuvunja upweke na unyanyapaa unaowaelemea.

Kwetu sisi, hilo lina sura ya kawaida kabisa: benchi karibu na mlango, ili mzazi aweze kutoka na kurudi bila aibu, katekista anayefundisha kwa picha, jumuiya ndogo ndogo inayomwachia mama saa moja apumzike. Tunawaombea watoto hawa, lakini tusimwambie mzazi kwamba sala inamruhusu kuacha kliniki. Neema haishindani na tiba.

Mtoto asiyeitikia jina lake, asiyesema wenzake wanaposema, au aliyepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe mapema kliniki ya watoto. Umri wa shule ukifika, vipo vitengo vya watoto wenye usonji katika shule za serikali, kikiwemo cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala. Miezi inayopotea katika kumtafuta mchawi ni miezi ambayo mtoto huyo angekuwa anajifunza kuomba maji.