Mtoto na Kibuyu cha Wazee

Msomaji mpenzi, je, umepata kuwatazama watoto wadogo wakicheza mchezo wa kulewa? Mimi nimeuona mara nyingi katika vichochoro vya Thika. Mmoja hushika chupa ya maji, akanywa, kisha akapepesuka. Wenzake huangua kicheko, na yule aliyejifanya mkewe huzificha fedha upesi. Watoto hao hawajaonja pombe hata tone. Basi ni nani aliyewafundisha? Swali hilo ni la historia, na jibu lake tutalipata tukiitazama nchi hii iliyo kati ya Ruiru na Thika.

Hapo kale Wagikuyu wa Kiambu walitengeneza pombe iitwayo muratina. Matunda ya mti wenye jina hilo yalikaushwa, yakatiwa katika kibuyu pamoja na maji ya asali au ya miwa, na kibuyu kikawekwa karibu na moto mpaka pombe ikachacha. Mtoto aliiona kazi hiyo na kuisikia harufu yake, lakini hakunywa. Aliwaona wazee wakimwaga kidogo chini kwa ajili ya wahenga. Aliwaona wakinywa walipozungumza habari za mahari. Hivyo alijifunza, bila kuhubiriwa, kwamba pombe ni kitu cha umri na cha shughuli maalumu. Kijana aliyelewa alijiaibisha, maana alijitwalia haki isiyo ya rika lake. Tusidhani, hata hivyo, kwamba wazee wote walikuwa na kiasi. Walevi walikuwako, ila walijulikana kuwa walevi.

Mwaka 1913 reli ilifika Thika, na mashamba ya kahawa na mkonge yakaenea. Watu wengi, baadhi yao wakiwa wamenyang'anywa ardhi, walihamia katika kambi za vibarua, wakalipwa fedha. Nayo fedha haina rika. Kijana mwenye mshahara aliweza kununua leo kile ambacho baba yake alikingojea miaka mingi. Mtoto wa kambini akajifunza somo jipya: pombe huja pamoja na siku ya mshahara.

Kiwanda cha bia nacho kilianzishwa mwaka 1922, kikajengwa Ruaraka, kando ya njia itokayo Nairobi kwenda Ruiru. Lakini sheria za kikoloni ziliwakataza Waafrika vileo vikali vya Kizungu. Katazo hilo pia lilikuwa mwalimu, kwani lilifundisha kwamba chupa ni alama ya bwana. Lilipoondolewa, kabla ya uhuru wa 1963, wengi waliishika chupa kana kwamba wameshika heshima yenyewe, na watoto wao walikuwa wakitazama.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1972 Gustav Jahoda na Joyce Cramond walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa mji wa Glasgow, Uskoti. Waliona kwamba hata watoto wa miaka 6, walio wengi, waliweza kumtambua mtu aliyelewa kwa vitendo vyake.

Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo. Iliwakataza wauzaji kumuuzia mtu asiyetimiza miaka 18, na ikazuia baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Sheria hiyo ni njema. Lakini mtoto hujifunza zaidi nyumbani kuliko njiani, na hakuna askari awezaye kupima umbali kati ya kiti cha baba na macho ya mwanawe.

Basi, msomaji, kabla hujafikia umri wa kuchagua, jiulize: haya ninayoyaamini juu ya pombe, nilifundishwa na nani, na lini? Huenda ukagundua kwamba uliyaamini kabla ya kujua kusoma. Tena kumbuka kwamba unaye ndugu mdogo nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naye sasa anakutazama wewe.