Mkono wa Lennon katika "All My Loving"

Mtu aisomaye karatasi ya santuri hukuta majina ya watunzi, na aghalabu huridhika nayo. Santuri ya *With the Beatles*, iliyotolewa Uingereza tarehe 22 Novemba 1963, yautaja wimbo "All My Loving" kuwa ni utungo wa Lennon na McCartney. Maneno hayo yampa John Lennon jambo asilolitenda, na yalificha lile alilolitenda.

Utungo ni wa Paul McCartney. Maneno yalimjia kwanza, katika safari za bendi mwaka ule ule, ndipo akayatafutia sauti kwenye piano. Majina yaliwekwa mawili kwa kuwa vijana hao walikwisha kupatana kwamba tungo zao zitoke kwa jina la wote wawili. Kazi ya Lennon ilikuwa gitaa la rithimu, yaani lile lisilotembeza sauti peke yake, bali hucharazwa nyuzi kadha kwa pamoja ili wenziwe wapate pa kukanyaga.

Wimbo hauna utangulizi. Sauti ya mwimbaji yaanza, na mara gitaa ladakia chini yake. Kila pigo limegawanywa mafungu matatu, hivyo katika kila mapigo manne mna micharazo 12. Mwendo ni wa mapigo kama 150 kwa dakika. Fanya hesabu, msomaji, utaona kuwa mkono wapita juu ya nyuzi zaidi ya mara 7 kwa sekunde moja. Tena tatu ni witiri: mkono ushukao na kupanda kwa zamu, ukiliingia pigo la kwanza kwa kushuka, la pili utaliingia kwa kupanda. Yambidi mpigaji autie mkazo mahali ambapo mkono wenyewe haupendi. Nilipojaribu mimi, kiwiko kilikaza kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, na wimbo mzima hauzidi sana dakika mbili! Kiitikio kiingiapo, mvua hiyo hukatika, gitaa likawa ladonoa tu. Hapo ndipo msikilizaji ajuapo kuwa kulikuwa na mvua.

Mkono huo ulifunzwa kwanza na mama yake, Julia, aliyefariki mwaka 1958. Yeye alijua banjo, na mwanawe akaanza gitaa kwa mashiko ya vidole ya banjo. Sauti ya banjo hufifia upesi, hata mpigaji hulazimika kuijaza nafasi kwa wingi wa micharazo. Kwa sikio langu, tabia hiyo imo katika wimbo huu.

Tarehe 9 Februari 1964 bendi ilitokea katika televisheni ya Marekani, katika kipindi cha Ed Sullivan, mbele ya watazamaji wapatao milioni 73. Wimbo wa kwanza ulikuwa huu. Mwimbaji alikuwa McCartney, na kipande cha gitaa peke yake kilikuwa cha George Harrison.

Mwaka 1980, miezi michache kabla ya kuuawa, Lennon alipitishwa katika nyimbo zao moja moja na mwandishi wa gazeti la *Playboy*. Walipoufikia huu alikiri, kwa namna ya kusikitika, kuwa ni wa Paul na kuwa ni kazi njema. Katika utungo hakudai hata neno. Alilodai ni gitaa lile la nyuma.