Riyadha, Msikiti wa Langoni

Lamu ya mwisho wa karne ya 19 haikuwa na upungufu wa misikiti. Upungufu ulikuwa wa mahali pa kusomea kwa asiye na ukoo. Katika mtaa wa Mkomani, kwenye majumba ya mawe, elimu ilirithishwa kama mali. Katika mtaa wa Langoni, kwenye nyumba za makuti, waliishi wageni wa Kingazija na Kihadhrami, wachuuzi, na watumwa pamoja na watoto wao. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kusalia. Fiqhi na nahau vilikuwa vya mabwana zake.

Swaleh bin Alawi Jamalilleil, aliyezaliwa Ngazija, alifika Lamu akiwa kijana. Alisoma kwa wanazuoni wa mji, akiwemo Mwenye Mansabu, aliyeyafasiri maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili. Kwa kuwa ni sharifu, milango ya Mkomani ingemfungukia. Yeye akaenda kukaa Langoni, akatibu wagonjwa, akawafundisha wapagazi na wagema vitabu vilevile walivyosoma watoto wa waungwana. Mji ukamwita Habib Swaleh.

Wakubwa walikereka, na naona walichokiogopa kilikuwa darasa zaidi ya ngoma. Lakini lawama ilitupiwa ngoma. Habib Swaleh alikuwa ameleta maulidi mapya, Simtu-d-Durar, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, akayasomesha hadharani kwa matari. Matari msikitini! Maneno yakawa mengi, na hayajesha mpaka leo. Wapo wanaoyaita maulidi bid'a, na wanazo hoja zao. Yeye aliendelea. Msikiti ulipojengwa, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaitwa Riyadha, jina la msikiti wa al-Habshi kule Seiwun. Sheria ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja 1907. Langoni, mtumwa na sharifu walikuwa wamekwisha kukaa mkeka mmoja.

Anayetaka kuona maana ya hayo aende Lamu mfungo sita. Baada ya isha, matari hupashwa moto ngozi zikaze. Vijana wenye kanzu nyeupe hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, wakiyumba pamoja kulia na kushoto, nai ikilia juu ya sauti zao. Udi unafukizwa. Msomaji akifika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama na kumswalia. Ukiwatazama walivyobanana humjui nani mjukuu wa mwenye shamba na nani mjukuu wa aliyelilima.

Habib Swaleh alifariki 1935, na wanawe na wajukuu wakaishika kazi. Wanafunzi wa Riyadha walitawanyika pwani nzima na bara, wakafungua madrasa na kusomesha maulidi ya al-Habshi walikofika. Siku hizi wiki ya Maulidi ina mbio za punda, mashindano ya majahazi, kirumbizi, na zefe inayojaza barabara ya pwani. Wageni hutoka Mombasa, Tanga, Unguja na Ngazija. Mimi nayapenda yote hayo, ila kwangu kilele si mbio. Ni kwamba wageni wakishaondoka, vijana wa bweni la Riyadha, wengi wao watoto wa familia zisizojiweza, hufungua vitabu na darasa linaendelea pale lilipoachwa.