Ndege Ipi Ilipigana? Anga la Njoro, 1914 hadi 1916

Katika mashindano ya mapigano ya ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio, kabla ya kuuliza nani rubani hodari, waamuzi huuliza kama ndege yake inastahili kuingia. Kwa kanuni zinazofuatwa Ulaya, daraja la Vita Kuu ya Kwanza hudai nakala ya ndege ya kijeshi ya enzi ile, iliyopunguzwa kwa skeli ya 1:8. Daraja la Vita Kuu ya Pili ni 1:12. Kila ndege huburuta utepe, na anayeukata utepe wa mwenzake ndiye anayejizolea alama.

Nalileta suala hilo Njoro, hapa Moshi chini ya Kilimanjaro, kwa sababu kipimo cha namna hiyo kimetumika, bila kuandikwa popote, kuifuta historia yetu. Mara nyingi husemwa kwamba Kilimanjaro hapakuwa na vita vya angani mwaka 1916, kwa kuwa hakuna ndege iliyoiangusha ndege nyingine. Ni kweli haikuangushwa: Wajerumani hawakuwa na ndege huku ya kupambana na za Waingereza. Lakini kusema basi hapakuwa na vita vya angani ni kuchukua kanuni ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako marubani walihesabiwa kwa idadi ya waliowaangusha, na kuipachika mahali ambapo kazi ya ndege ilikuwa tofauti kabisa.

Habari za Rufiji zinajulikana, sina haja ya kuzirudia kwa urefu. Ndege za jeshi la majini la Uingereza, nyingine, zikiwemo za aina ya Caudron, zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia, ziliisaka manowari ya Kijerumani ya Königsberg ndani ya mikoko, kisha zikawaelekeza wapiga mizinga wa manowari za Kiingereza Severn na Mersey hadi ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Hapo hakuna anayekataa kwamba ndege zilipigana, ingawa nazo hazikuangusha ndege yoyote. Mbona basi Moshi inanyimwa sifa hiyo?

Kuna ndege moja ya upande wa pili ambayo nataka iangaliwe kwa subira. Bruno Büchner, rubani wa maonyesho, alifika Dar es Salaam mwaka 1914 na ndege ya mbawa mbili ya aina ya Otto, iliyoundwa na kiwanda cha Pfalz, ili watu waitazame kwenye maonyesho ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti. Vita vikaanza, jeshi likaichukua. Ikatumwa kupeleleza pwani, na Büchner mwenyewe akajeruhiwa kwa risasi. Novemba 1914 ikaanguka ikiwa mikononi mwa Luteni Henneberger, naye akafa. Ndege hiyo haikuzaliwa ya kijeshi. Mwamuzi mkali angeitoa nje mara moja, na hoja yake ningeielewa: kanuni isiyo na mipaka si kanuni. Hata hivyo ilivaa vita, ikapigwa risasi, ikaua rubani wake kazini. Mimi ningeiingiza.

Sasa tuje kwetu. Mwishoni mwa Januari 1916 kikosi nambari 26 cha jeshi la anga la Uingereza, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika Kusini, kiliteremka Mombasa na kupelekwa Mbuyuni, upande wa mashariki wa Taveta, ambako reli kutoka Voi ilikuwa imefika mwezi huohuo. Ndege zake kuu zilikuwa B.E.2c, na baadaye Henri Farman zenye kiunzi cha chuma. Kutoka Mbuyuni hadi Moshi ilikuwa safari ya chini ya saa moja. Moshi ilikuwa makao makuu ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, na ndiko ilikoishia reli ya Usambara kutoka Tanga. Kila aliyetaka kujua Wajerumani wanasogeza nini alilazimika kuitazama reli hiyo.

Itazame B.E.2c kwa karibu, maana hapa ndipo kanuni inapovunjika. Mbawa zake zilikuwa na upana wa mita 11.3, kwa hiyo nakala ya 1:8 hufikia mita 1.4. Ni mbao, nyaya na kitambaa, na injini ya nguvu za farasi 90 mbele. Rubani aliketi nyuma. Mwangalizi aliketi mbele yake, katikati ya mbawa, amezungukwa na nguzo na nyaya, pangaboi likizunguka mbele yake. Akipewa bunduki, hakuwa na pembe nzuri ya kuielekeza. Ndege ilipobebeshwa mabomu, mara nyingi mwangalizi aliachwa chini ili uzito upungue. Ulaya ndege hiyo ilichinjwa na Fokker za Kijerumani. Huku adui yake alikuwa jua: Moshi iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya joto na nyepesi huinyima injini nguvu na mbawa mshiko.

Na hata ikishapanda, iangalie ardhi yenyewe. Anayeujua msitu wa Rau, jirani na Njoro, na mivule yake inayofunika chemchemi, anafahamu kwamba kampuni nzima ya askari ingeweza kulala chini yake bila kuonekana. Kazi ya mwangalizi ilikuwa kupambana na majani hayo: moshi wa kuni, njia mpya iliyokanyagwa, mabehewa yaliyoongezeka stesheni.

Leo Walmsley alikuwa mmoja wa waangalizi hao. Baadaye alipata jina kwa riwaya za wavuvi wa Yorkshire, lakini mwaka 1920 alichapisha kitabu cha Flying and Sport in East Africa. Mwaka huohuo Lettow-Vorbeck alitoa kumbukumbu zake. Cha jenerali kimenukuliwa na kila mtu. Cha mwangalizi hakiguswi. Naona hilo ni kosa kubwa la waandishi wetu, kwa kuwa wamekubali kuisoma vita kwa macho ya mtu aliyekuwa chini ya miti tu.

Huko chini ardhini, mwaka 1916, Salaita ilipiganiwa tarehe 12 Februari, Latema na Reata tarehe 11 na 12 Machi, na Moshi ikatwaliwa tarehe 13. Baada ya mapigano ya Kahe, masika yakaanza na ndege zikakwama matopeni.

Viwanja vya kutua ndege vilifyekwa na vibarua Waafrika. Petroli ilifika kwa madebe, na pale reli na malori yalipoishia, wapagazi walibeba mizigo ya jeshi, nao wakafa kwa makumi ya maelfu. Orodha yoyote ya waliopigana angani inayowaacha nje ina kasoro ileile ya kuhesabu tepe zilizokatwa tu.

Kwa hiyo orodha yangu ina B.E.2c, Henri Farman, Caudron za Mafia na Otto ya Büchner. Watakaoniomba niongeze puto kubwa la L59, lililopelekwa na Wajerumani kutoka Bulgaria Novemba 1917 kumletea Lettow-Vorbeck vifaa, nitawakatalia. Liligeuzwa likiwa Sudan. Halikulifikia anga hili.