Manjano ya Chunguni na Manjano ya Kidongeni

Hoja inayouza vidonge vya viungo ni ya urithi: wazee wetu walikula manjano, tangawizi na uwatu maisha yao yote, basi vidonge vyake vitamdhuru nani? Mombasa hoja hii huwaingia watu haraka. Marikiti, soko lililojengwa 1914 pembeni mwa Mji wa Kale, linanukia iliki na mdalasini, na mzazi bado hupikiwa uji wa pilipili manga. Hata hivyo, urithi huo ni ushahidi wa chakula tu. Kidonge hakina haki ya kuuazima.

Tupime. Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina takriban gramu 3, na kurkumini, kiini chake kinachosifiwa, ni kama asilimia 3 ya uzito huo: haifiki miligramu 100. Kijiko hicho hutiwa katika mchuzi wa nyumba nzima. Kidonge cha miligramu 500 chenye dondoo ya asilimia 95 humpa mtu mmoja miligramu 475 kwa funda moja la maji, naye huenda akameza viwili au vitatu kwa siku, miezi mfululizo.

Kisha kuna piperini, ukali wa pilipili manga. Watafiti wa Bangalore, India, walionyesha 1998 kwamba miligramu 20 za piperini zikimezwa pamoja na gramu 2 za kurkumini, kiasi kinachofika kwenye damu huongezeka kama mara 20. Watengenezaji wanaitangaza hiyo kuwa sifa. Mimi naona hatari imejificha hapohapo, kwa kuwa mwili una desturi ya kuikataa sehemu kubwa ya kurkumini, na piperini huzuia ini lisiivunje. Marekani, watafiti wa madhara ya dawa kwenye ini walieleza 2022 wagonjwa 10 walioumizwa ini na bidhaa za manjano. 5 walilazwa, 1 akafariki. Ni wachache, lakini walimeza kitu walichoambiwa hakina madhara.

Na faida je? Tangawizi imethibitika kupunguza kichefuchefu cha mimba changa. Uwatu hushusha sukari kiasi, na kwa sababu hiyohiyo mgonjwa wa kisukari anayeuchanganya na dawa za hospitali anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Kurkumini ndiyo yenye sifa kubwa kuliko ushahidi: wanakemia wa dawa walioipitia 2017 hawakupata jaribio lililodhibitiwa vyema lililofaulu waziwazi.

Unga wenyewe pia una mashaka. Nchini Bangladesh, rangi yenye madini ya risasi ilikuwa ikipakwa kwenye manjano ili yang'ae. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa nayo. Baada ya serikali kupima na kuwaadhibu wafanyabiashara, 2021 haikuonekana tena.

Ukaguzi wa namna hiyo unawezekana Kenya. Bodi ya Famasia na Sumu iwalazimishe wauzaji kuandika miligramu za kurkumini na piperini kwenye kila chupa, pamoja na onyo la ini. Nawe msomaji, ukiwa unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu isigande, mtajie daktari kila kidonge cha kiungo unachomeza. Manjano ya mchuzi nunua mizizi mibichi, ukaikaushe na kuisaga mwenyewe.