HISTORIA YA MAZOEZI YA KITINI: KITI SIYO ADHABU (Sehemu ya 3)

Leo ni ndefu kidogo, sogeza chai karibu.

Sisi watu wa Mara tuna historia ya miguu. Oktoba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoka kwao Butiama akatembea mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Vijana wa mikoa mingine nao walitembea kuliunga mkono Azimio. Shuleni kukawa na mchakamchaka wa asubuhi. Basi mpaka leo, ukimwambia mtu "fanya mazoezi", anachoelewa ni kutembea, kukimbia au kucheza mpira.

Sasa jiulize: yule mtoto ambaye miguu yake haikumruhusu mchakamchaka alikuwa wapi? Alikaa chini ya mti, analinda madaftari ya wenzake. Na bibi aliyepata kiharusi? Kitandani, "apumzike". Hawa hakuna aliyewachukia. Tuliamini tu kwamba mwili unaokaa hauna zoezi lake. Historia inatuambia vingine.

Tuanze India, kwenye asili ya yoga. Kila mkao wa yoga unaitwa "asana", na neno hilo la kale maana yake ya mwanzo ni kuketi, au mahali pa kuketi. Mikao mingi ya zamani ilikuwa ya kukaa na kutuliza pumzi. Hizi za kusimama mguu mmoja tunazoziona kwenye simu, nyingi zimeenea karne ya 20. Kwa hiyo anayefanya yoga akiwa amekaa hajapunguziwa kitu, yuko karibu na asili kuliko wengi.

Desemba 1918, kusini mwa India, akazaliwa mtoto anaitwa B.K.S. Iyengar. Ulikuwa wakati wa yale mafua makubwa yaliyoua mamilioni duniani, na mama yake alikuwa anaumwa. Mtoto akakua dhaifu: malaria, taifodi, kifua kikuu. Alipofika ujana, shemeji yake akamfundisha yoga, mwili ukaanza kupata nguvu. Naye alipokuwa mwalimu katika mji wa Pune, hakuusahau mwili dhaifu. Mwanafunzi akishindwa mkao, alimletea kamba, blanketi, kipande cha mbao, au kiti cha kukunja cha chuma. Kiti kikawa kifaa cha kufundishia.

Wakati huohuo, Uingereza kulikuwa na vita. Askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kama maiti inayosubiri siku. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo viliwamaliza. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa wodi ya wagonjwa hao katika hospitali ya Stoke Mandeville. Akaagiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. (Wauguzi wenzangu, hapo mnajua nani aliyeifanya kazi!) Kisha akawataka wakae, wacheze. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London inafunguliwa, majeruhi 16, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa Paralimpiki.

Halafu mwaka 1982, Marekani, mwalimu wa yoga Lakshmi Voelker alikuwa na mwanafunzi mwenye ugonjwa wa viungo aliyeshindwa kushuka sakafuni. Angeweza kumwambia, "Dada, darasa hili halikufai." Badala yake akayahamishia mazoezi kwenye kiti. Akaendelea kuyapanga na kuwafundisha walimu wengine, na leo yoga ya kitini inafanywa na wazee, wajawazito, wenye ulemavu na watu wa ofisini.

Umeona kinachojirudia? Kila mara kuna mtu mmoja aliyeshindwa kufuata wenzake, na kuna mtu mwingine aliyekubali kubadilisha zoezi badala ya kumrudisha nyumbani. Hicho tu.

Kwenye makaratasi na sisi tumo. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ambao kwa mara ya kwanza uliwataja waziwazi watu wenye ulemavu, pamoja na wajawazito na waliotoka kujifungua. Lakini karatasi haimwinui bibi kitandani. Anainuliwa na aliye naye nyumbani.

Na sisi tunajua kujifunza tukiwa tumekaa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi, wakazunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Leo vikundi tunavyo: vikoba Nyasho, vikoba Kiabakari, vikoba Kibara. Mnakaa saa nzima mkihesabu hisa. Toeni dakika 10 kabla ya kufungua sanduku:

✅ Kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimegemezwa ukutani. Cha plastiki kwenye sakafu laini kinateleza, kiwekee mkeka.
✅ Nyayo zote mbili chini, mgongo wima. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe taratibu. Mara 5.
✅ Inua mikono ukivuta pumzi, ishushe ukitoa. Mkono mmoja hauna nguvu? Uinue kwa ule mzima.
✅ Geuza kiwiliwili kidogo kulia, kisha kushoto, bila kujilazimisha.
✅ Nyoosha goti moja, chezesha kifundo cha mguu, badilisha.

Mjamzito usijikunje tumbo. Uliyejifungua kwa upasuaji, anza na pumzi na vifundo vya miguu, mengine uliza kliniki kwanza. Mwenye presha usibane pumzi. Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, au ukiona damu, acha na uende kituo cha afya. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu kukaa kwake kunahitaji kiti cha kumshikilia.

Najua swali la inbox: "Nesi, yoga si dini ya watu?" Asili yake imo katika dini za India, kweli. Lakini kunyoosha goti na kuvuta pumzi havina dhehebu. Ukitaka yaite mazoezi ya kitini, goti halitauliza jina.

Leo jioni, yule wa kwenu anayeachwa kwenye kona wakati wengine wanacheza uwanjani, mpelekee kiti katikati yao. Ukae na wewe, muanze pamoja.

Sehemu ya 4: mgongo wa mama anayebeba mtoto, ndoo na kuni. Mtumie anayehitaji. 🙏🏾